Chapa, Rangi na Udongo: Kutoka Rorke's Drift hadi Gaborone

Mkosoaji wa kibepari akiingia katika ukumbi wa maonyesho hutazama mistari, rangi na jina la msanii. Haulizi ni nani aliyelipia ukuta ule, wala bei iliyoandikwa katika orodha anayopewa mnunuzi inamfikia nani. Kwake yeye hayo ni maswali ya wahasibu. Kwetu sisi ndiyo mwanzo wa ukosoaji, kwa sababu sanaa, kama kazi nyingine yoyote ya binadamu, ina nyenzo zake, ina uhusiano wake wa uzalishaji na ina soko lake. Na mtu asiyeyajua hayo hawezi kuieleza hata rangi yenyewe.

Katika makala hii tutaichambua sanaa ya chapa, ya rangi na ya ufinyanzi iliyotoka katika karakana ya Rorke's Drift, Afrika Kusini, tukiifuata hadi kwenye maonyesho ya Gaborone ya mwaka 1982 na kumbi nyingine zilizofuata. Tumeuchagua mfano huu kwa makusudi. Makada wetu wanaijua historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika kwa upande wa silaha na wa diplomasia: wanaijua Kongwa, wanaijua Mazimbu, wanaijua Kamati ya Ukombozi iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994. Upande wa utamaduni wanaujua kwa nyimbo tu. Picha zimesahauliwa. Na katika picha hizo limo swali ambalo hata hapa kwetu bado halijapata jibu, nalo ni hili: kazi ya mikono ya mtoto wa mkulima inaishia katika sebule ya nani?

Karakana ya misheni

Rorke's Drift ni kivuko katika mto ambao Wazulu huuita Mzinyathi, na Waingereza Buffalo. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu liliwavunja Waingereza pale Isandlwana, si mbali na hapo. Jioni ileile, na usiku kucha, kikosi kidogo cha Waingereza wapatao 150 kilijilinda ndani ya majengo ya misheni ya Kiswidi yaliyokuwa kivukoni. Kwa ajili ya usiku ule mmoja London ilitoa misalaba 11 ya Victoria. Ubeberu unajua kuchagua kumbukumbu: ushindi mdogo ulipambwa kwa nishani ili kushindwa kukubwa kusizungumzwe.

Katika misheni hiyohiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri liliweka karakana ya sanaa na kazi za mikono. Walioianzisha ni Peder na Ulla Gowenius, mume na mke kutoka Uswidi, ambao kabla ya hapo walikuwa wakiwafundisha kazi za mikono wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya misheni ya Ceza. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa kijana aitwaye Azaria Mbatha, aliyezaliwa mwaka 1941. Tuyaweke mambo haya katika mazingira yake. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 ilikuwa imekwisha kuamua kwamba Mwafrika asomeshwe kiasi cha kumtumikia kaburu na si zaidi. Sheria ya mwaka 1959 ilikuwa imewafungia Waafrika milango ya vyuo vikuu vya wazungu. Kwa hiyo idara ya sanaa iliyofunguliwa Rorke's Drift mwaka 1968 ilikuwa moja ya mahali pachache mno katika nchi ile nzima ambapo kijana Mwafrika aliweza kujifunza sanaa kama somo kamili. Ilifanya kazi hadi mwaka 1982.

Wako ndugu wanaosema kwamba kitu kilichojengwa kwa fedha za misheni hakiwezi kuzaa sanaa ya ukombozi, na kwamba karakana ile ilikuwa dawa ya usingizi. Hoja hii inaonekana kuwa kali kimapinduzi, lakini ni ya kivivu. Mtu mwenye hoja hii angelazimika kuwafuta pia viongozi wengi wa vyama vya ukombozi vya Afrika, ambao walijua kusoma kwa sababu ya shule hizohizo za misheni. La muhimu si nani alileta patasi. La muhimu ni mkono ulioishika ulichonga nini, na kilichochongwa kikaenda wapi.

Tuanze na patasi. Nyenzo kuu ya Rorke's Drift ilikuwa linoliamu, yaani lile zulia gumu la sakafuni. Kipande chake huchongwa kwa ncha ndogo za chuma, kikapakwa wino mweusi kwa rola, kikawekewa karatasi juu na kukandamizwa. Palipochongwa panatoka peupe, palipoachwa panatoka peusi. Mtambo wa kukandamizia ukikosekana, mgongo wa kijiko unatosha. Hakuna sanaa ya picha iliyo rahisi kuliko hii kwa mtu asiye na mtaji. Picha ya rangi za mafuta inataka turubai na rangi za kununua, na kazi ya miezi inatoa picha moja. Kibao cha linoliamu kinatoa nakala mia kabla ya jua kutua.

Mbatha aliitumia nyenzo hii kuchonga visa vya Biblia vyenye watu weusi. Chapa yake ya Daudi na Goliathi ni ya mwaka 1963, mwaka uleule ambao makaburu waliwakamata viongozi wa ANC pale Rivonia. Msomaji asifanye haraka kuidharau kwa kuwa ni kisa cha dini. Dola ya makaburu ilijiita ya Kikristo, na makanisa yake yaliutetea ubaguzi kwa aya za Biblia. Mwafrika aliyemchonga Daudi mweusi alikuwa anaunyang'anya utawala ule kitabu chake, na hakuna mtazamaji wa Zululand aliyehitaji kuelezwa jitu lile ni nani. Hata hivyo kuna mpaka ambao Mbatha hakuuvuka. Katika kazi zake za namna hii ukombozi ni ahadi. Watu wake wanateseka kwa heshima na wanangoja kwa imani, lakini mara chache tunawaona wakikutana, wakipanga, wakiamua. Mwaka 1969 alihamia Uswidi moja kwa moja, na huko ndiko aliko­fanyia sehemu kubwa ya kazi ya maisha yake hadi alipofariki mwaka 2018.

John Muafangejo ni habari nyingine, na kwa maoni yetu ndiye mchongaji mkubwa kuliko wote waliopita pale. Alizaliwa mwaka 1943 upande wa Angola, katika watu wa Kwanyama ambao mpaka wa kikoloni uliwagawa kati ya Angola na Namibia. Weusi wake ni mzito, mistari yake haina woga, na ndani ya picha anaandika maneno ya Kiingereza kama anavyokisema yeye, bila kumwomba radhi mwalimu wa sarufi. Wakosoaji wa Ulaya huyaona maneno hayo kuwa ya kitoto na ya kupendeza. Wanakosea. Yale ni maelezo ya shahidi. Muafangejo anataja mwaka, anataja mahali, anataja nani alimfanyia nani nini. Alichonga habari za Mandume, mfalme wa Kwanyama aliyekufa akipigana na majeshi ya wakoloni mwaka 1917. Mwaka 1981 alichonga vita vya Rorke's Drift vya mwaka 1879, akiirudisha mikononi mwa Mwafrika habari ambayo Waingereza walikuwa wameimiliki kwa miaka mia moja. Chapa yake ya mwaka 1984 juu ya matumaini katikati ya shida ilinakiliwa na kupendwa sana. Alifariki Katutura mwaka 1987, miaka mitatu kabla bendera ya Namibia huru haijapandishwa.

Chungu kilichoacha kushika pombe

Ufinyanzi wa Rorke's Drift hauzungumzwi sana, nao ndio unaotufundisha zaidi.

Mwanamke wa Kizulu au wa Kisotho alifinyanga tangu zamani kwa kupandisha kamba za udongo moja juu ya nyingine, akazilainisha kwa mkono, akavichoma vyombo vyake mahali pa wazi kwa kuni na nyasi. Chungu cha pombe cha Kizulu, ukhamba, hufukizwa moshi kikawa cheusi, kikasuguliwa hadi kikang'aa. Udongo wake haukuchomwa kwa moto mkali, kwa hiyo huvuja kidogo, na huko kuvuja ndiko kunakoipoza pombe iliyomo. Uzuri wake na kazi yake havitengani. Kilipitishwa mkono kwa mkono, na aliyekunywa alikuwa mtu wa ukoo, jirani au mgeni wa nyumba.

Karakana ilileta tanuri la moto mkali, mng'aro wa kioo unaopakwa juu ya udongo, na gurudumu la mfinyanzi. Wanaume, kina Gordon Mbatha, Joel Sibisi na Ephraim Ziqubu, walikaa kwenye gurudumu. Wanawake, na juu yao wote Dinah Molefe, waliendelea na kamba za udongo kama mama zao, ila sasa vyombo viliota vichwa vya ndege na miili ya wanyama, vikachomwa katika tanuri vikawa vigumu kama jiwe. Ni kazi nzuri sana. Ukitazama chungu cha Dinah Molefe unaona mkono usiosita, mkono ambao haukufundishwa na Mzungu yeyote kwa sababu ulikuwa unajua kabla hajaja.

Lakini tuangalie kilichotokea. Mashine ilipofika, ilikwenda kwa mwanamume, ingawa ufundi ulikuwa wa mwanamke. Jambo hili tumeliona katika kilimo chetu pia: jembe la mkono ni la mama, trekta ni la baba. Tena chungu kilipopata mng'aro kiliacha kuvuja, na kilipoacha kuvuja kiliacha kuipoza pombe. Na hapakuwa na hasara, maana hakikutazamiwa tena kushika pombe. Kilitazamiwa kushika nafasi katika rafu ya mnunuzi. Katika lugha ya uchumi wa kisiasa tunasema thamani ya matumizi ilikufa na thamani ya mauzo ikabaki, na katika ukumbi wa maonyesho jambo hili laonekana kwa macho: chombo kimewekwa juu ya sanduku jeupe, na kando yake pana kibao kinachokataza kugusa. Chombo ambacho maana yake yote ilikuwa kuguswa!

Kwa upande wa rangi hatutakaa sana. Mwaka 1940 jumba la sanaa la Johannesburg lilinunua picha ya Gerard Sekoto ya mtaa wa nyumba za njano wa Sophiatown. Ilikuwa kazi ya kwanza ya Mwafrika kununuliwa na jumba hilo. Mwaka 1947 Sekoto alikwenda Paris, na hakurudi kuishi kwao. Tangu mwaka 1955 makaburu waliwahamisha kwa nguvu watu wa Sophiatown na kuzibomoa nyumba zao. Picha ikabaki ukutani. Waliochorwa hawakuwa na mtaa.

Namba iliyoandikwa kwa penseli

Turudi kwenye chapa, kwa sababu hapa pana hila ambayo kila mwanafunzi wa itikadi anapaswa kuifahamu. Tumesema kibao cha linoliamu kinaweza kutoa nakala mia na zaidi. Basi kwa nini chini ya picha hizi huwa pameandikwa kwa penseli namba mbili, kwa mfano 3 na 20, zikitenganishwa na mstari? Maana yake ni kwamba hii ni nakala ya tatu katika nakala ishirini, na kwamba haitapigwa ya ishirini na moja. Zaidi ya hapo, ni desturi ya biashara hii kukichana kibao au kukiharibu baada ya nakala kutimia, ili mnunuzi awe na hakika.

Hakika ya nini? Ya kwamba wengine hawatapata. Nyenzo iliyobuniwa kwa ajili ya wingi imefungwa kamba izae uhaba, kwa sababu soko la mabepari halijui kukithamini kitu ambacho kila mtu anacho. Ni mantiki ileile ya mwenye shamba kubwa anayemwaga maziwa mtoni ili bei isishuke. Msanii mwenyewe si wa kulaumiwa. Anakula kwa namba hizo. Lakini tusidanganyike kwamba sanaa ya chapa ni ya umma kwa asili yake, eti kwa kuwa ni rahisi na ni ya nakala nyingi. Asili ya nyenzo ni uwezekano tu. Mwenye soko ndiye anayeamua uwezekano huo utumike au uuawe.

Na hapa kwetu? Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini za viwandani, vitu vya bei ya chini kabisa vilivyopatikana dukani, na wanunuzi wake tangu mwanzo walikuwa wageni wa Oysterbay. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, iliwafundisha vijana chapa za bamba la chuma linaloliwa na asidi, nao wakafikia ufundi wa kujivunia; George Lilanga, mwana wa Masasi, alipitia huko kabla jina lake halijajulikana Ulaya, Marekani na Japani. Ni nyumba ngapi za wafanyakazi Temeke au za wakulima Newala zilizotundika chapa ya Lilanga? Tuliweza kuchapa khanga kwa mamilioni, na kila khanga ina picha na maneno, na kila mama anayo. Hatukuweza, au hatukutaka, kufanya hivyo kwa picha ya ukutani. Ukuta tuliwaachia watengenezaji wa kalenda.

Gaborone

Mwaka 1982, mwaka uleule idara ya sanaa ya Rorke's Drift ilipofungwa, palifanyika Gaborone tamasha na kongamano la Utamaduni na Mapambano, tarehe 5 hadi 9 Julai. Wenyeji walikuwa Medu, kundi la wasanii waliokimbilia Botswana, wengi wao wakiwa Waafrika Kusini. Medu kwa Kisotho cha Kaskazini ni mizizi. Walikuwamo Mongane Wally Serote na Keorapetse Kgositsile, mshairi aliyepata kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sambamba na kongamano, Makumbusho ya Taifa ya Botswana yaliweka maonyesho ya sanaa ya Afrika Kusini chini ya kauli ya sanaa kwa ajili ya maendeleo ya jamii.

Jambo kubwa la Gaborone halikuwa picha zilizotundikwa. Lilikuwa jina ambalo wachoraji, washairi na wapiga muziki walijipa: wafanyakazi wa utamaduni. Wenye dharau wanasema ni jina tu. Lakini anayejiita mfanyakazi anakubali kuulizwa maswali ya mfanyakazi: unafanya kazi ya nani, kwa saa za nani, na mazao yanakwenda wapi. Msanii wa kibepari anajiita mteule ili asiulizwe.

Thami Mnyele alilielewa hili kuliko wengi. Alizaliwa Alexandra mwaka 1948, akasoma Rorke's Drift mwaka 1973, akaondoka bila kumaliza. Michoro yake ya miaka ile imejaa miili iliyopindwa na nyuso zinazoyeyuka gizani. Akiwa Medu aliandika kuikosoa sanaa ya aina hiyo, ya wenzake na yake mwenyewe, kwamba imejificha ndani ya mafumbo ambayo watu wa mitaani hawayasomi. Baadaye mkono wake unabadilika: mistari inanyooka, watu wanasimama, nyuso zinamtazama mtazamaji. Je, kuna kilichopotea? Kipo. Ile michoro ya giza ina uzito ambao baadhi ya mabango hayana, na mabango mengine ya Medu ni kaulimbiu tu iliyotiwa ngumi. Ngumi iliyokunjwa ikichorwa mara hamsini inachoka kama mkono wa kweli. Lakini bango la Judy Seidman la mwaka 1981, la kuwakumbuka wanawake 20,000 walioandamana Pretoria tarehe 9 Agosti 1956, halina uchovu huo: mwanamke amechorwa kwa mistari michache, na nguvu imo katika mwili wake mwenyewe, si katika maandishi.

Mabango hayo yalichapwa kwa kupitisha wino katika kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Hayakuwa na namba za penseli. Yalivushwa mpaka kwa siri, na serikali ya makaburu iliyapiga marufuku. Ufundi ulivuka pamoja na karatasi: baada ya Gaborone, karakana za namna hiyo zilifanya kazi Johannesburg na Cape Town, na UDF ilipozaliwa Agosti 1983 ilikuta mikono iliyokwisha kujua kuchapa. Hapo ndipo uwezekano uliomo katika chapa ulipofunguliwa kamba, kwa kuwa mtambo, wino na njia vilikuwa mikononi mwa wanaopigana. Linoliamu ya Rorke's Drift haikuwa na kasoro, ilikosa chama.

Adui alitambua thamani ya jambo hili. Usiku wa tarehe 14 Juni 1985 majeshi ya makaburu yalivuka mpaka yakaua watu 12 mjini Gaborone, pamoja na mtoto mdogo. Mnyele alikuwa mmoja wao. Kazi zake, ambazo alikuwa amezifunga tayari kwa kuhama, zilichukuliwa na wauaji na kuonyeshwa katika televisheni ya Afrika Kusini kama ushahidi wa ugaidi. Hayo nayo yalikuwa maonyesho, na pengine ndiyo yaliyotazamwa na watu wengi kuliko yote aliyopata kuwa nayo. Medu ilikwisha mwaka ule.

Mwishoni mwa mwaka 2008 jumba la sanaa la Johannesburg lilifungua maonyesho makubwa ya Mnyele na Medu. Jumba hilo, lililoko Joubert Park, lilianzishwa kwa fedha za matajiri wa migodi ya dhahabu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2019 mabango ya Medu yalitundikwa katika Taasisi ya Sanaa ya Chicago, chini ya kifungu cha Mkataba wa Uhuru wa 1955 kisemacho kwamba watu watatawala. Baadhi ya ndugu wataona ni ushindi, wengine wataona ni utekaji. Sisi tunaona kwamba kumbi hizo zimehifadhi kile ambacho makaburu walitaka kiteketee, na kwa hilo zishukuriwe bila kinyongo. Ila mtazamaji akumbuke anatazama nini. Bango lililobandikwa ukutani Soweto lilinyeshewa, au lilibanduliwa na polisi, au lilifunikwa na jingine. Yaliyofika Chicago yakiwa safi, pembe zote nne nzima, ni yale ambayo hayakupata kubandikwa.